Muuguzi Asiyesalimia Kwanza

Nilipokuwa shule ya msingi, mtu wa mtaa wetu wa Ng'ambo, mjini Tabora, akiumwa alipitia dukani kabla ya kwenda hospitali. Alinunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, akaandika jina lake juu au akamwita mtoto amwandikie. Karatasi zilikuwa adimu hospitalini miaka ile, na daktari aliandika kila kitu humo: dalili, vipimo, dawa, tarehe ya kurudi. Ukimaliza unaondoka na daftari lako. Masjala ya hospitali ilikuwa chini ya godoro la mgonjwa, au juu ya kabati pamoja na kadi za kliniki za watoto na risiti za kodi.

Wazee wasiojua kusoma walituletea sisi watoto madaftari yao tuwasomee. Mwandiko wa daktari tuliuzoea kuliko wa mwalimu. Tulijua nani ana shinikizo la damu, nani kaambiwa apunguze chumvi, bibi yupi anatakiwa kurudi kliniki ya macho. Hakuna aliyeona vibaya. Ugonjwa ukijulikana, jirani alileta uji, kijana wa nyumba ya tatu alitoa baiskeli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Kitete, na mama mwingine alichukua watoto wakalale kwake. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi usiri husemwa kana kwamba ni jema siku zote na kwa kila kitu. Mtaani kwetu, kujuliwa hali ndiko kulikomfanya mgonjwa asife peke yake.

Tabora ni mji wa kuulizana pia. Hapa ndipo misafara ya Bagamoyo ilipogawana njia, wa Ujiji wakashika magharibi na wa Karagwe na Buganda wakapanda kaskazini. Wasafiri Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakakuta mji uliokwisha kuzoea wageni, na Livingstone mwaka 1872 alikaa Kwihara, hapo jirani, miezi kadhaa akiwasubiri wapagazi wake. Mji wa namna hiyo uliishi kwa habari: nani kafika, nani kabaki njiani, ndui imeonekana kambi gani. Kumuuliza mgeni habari za njia hadi umalize ilikuwa adabu, na kwa wapagazi wenyewe ilikuwa usalama. Sisi wajukuu tumerithi kuuliza. Mtu akilazwa Kitete asubuhi, mchana Ng'ambo nzima inajua wodi na kitanda.

Lakini hata wakati huo yalikuwapo magonjwa mawili ambayo watu waliyataja kwa kushusha sauti. Mmoja ni kifua kikuu. Mwingine ni ukoma, na ukoma ulikuwa na jina la mahali: Sikonge, kusini mwa mji, ambako Wamoravian waliwahudumia wakoma. Kusema fulani kapelekwa Sikonge kulitosha. Mtu alirudi amepona, na bado kikombe chake kikawekwa kando. Sisi watoto tuliliona hilo bila kulielewa, kwamba zipo habari za mwili zinazomletea mtu uji na zipo zinazomfukuzia wageni.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Ulipofika kwetu, daftari la dukani likageuka kitu cha hatari. Madaktari wengi hawakuandika jina la ugonjwa, wakaweka vifupisho vya Kiingereza, wakidhani wamemfichia mgonjwa. Watu wakajifunza vifupisho. Ilitosha mtoto wa sekondari mmoja avielewe, na mtaa mzima ukawa unafunua madaftari ya wagonjwa kuvitafuta. Nakumbuka familia zilizochoma madaftari ya marehemu hata kabla ya matanga kwisha.

Shangazi yangu alikuwa muuguzi miaka hiyo. Nyumbani kwake Ng'ambo watu walikuja jioni wakakaa ukumbini, wakazungumza mvua, wakazungumza tumbaku ya Urambo, kisha wakafikia walichokifuata: yule kalazwa na nini? Jibu lake lilikuwa moja tu, anaumwa. Wakibana, aliinuka kuchochea moto wa chai, na akirudi mazungumzo yamekwisha kuhama.

Kilichowaudhi watu zaidi kilikuwa sokoni. Shangazi hakumsalimia kwanza mtu yeyote aliyewahi kumhudumia. Alipita na kapu lake, akamwacha mgonjwa wake aamue. Akisalimiwa alisimama, akaitikia kwa furaha, akauliza habari za nyumbani kama mtu mwingine yeyote. Asiposalimiwa alipita. Kwetu sisi, ambao mwangaluka ya asubuhi haimpiti mtu njiani, tabia hiyo haikuvumilika. Walimwita mwenye maringo, kasoma kidogo kasahau kwao. Mama aliwahi kumgombeza mbele yangu. Shangazi akamjibu kwa utulivu: "Wifi, nikimsalimia mimi, aliyefuatana naye atamuuliza, huyu sista mmejuana wapi?" Basi. Hakulieleza zaidi, na aliendelea kuitwa mwenye maringo hadi alipostaafu.

Kuanzia miaka ya 1990 vikaja vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ni vitabu vikubwa, vipana kuliko meza nyingi za zahanati. Cha wagonjwa wa nje ni namba 5, cha wajawazito namba 6, cha watoto namba 7. Kwa serikali lilikuwa jambo kubwa na la lazima, kwa kuwa bila hesabu ya malaria ya wilaya ya Uyui hujui upeleke dawa kiasi gani Uyui. Ila kiangalie kitabu chenyewe jinsi kilivyo. Kila mgonjwa ana mstari wake, na mstari unaanzia jina, umri, jinsi na mtaa anaokaa, unafika hadi ugonjwa uliogunduliwa na dawa aliyopewa. Kitabu kiko wazi mezani. Wewe unaketi kitini, mhudumu anauliza jina, na macho yako, kwa kuwa hayana pa kwenda, yanasoma mstari wa juu yako. Ni wa aliyetoka sasa hivi, yule uliyepishana naye mlangoni. Nimekaa kwenye kiti hicho. Nimesoma mstari wa jirani kabla sijajua kuwa ninausoma. Na nilipoinuka nilijua fika kwamba aliyenifuata atausoma wangu.

Hapo hapakuwa na mwizi wa siri wala muuguzi mwenye mdomo. Meza ilikuwa imekaa vibaya, basi.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU bila malipo, na hospitali zikafungua kliniki za tiba na matunzo, CTC kama kila mtu anavyoziita. Utunzaji wa kumbukumbu ulikuwa wa hali ya juu kuliko chochote tulichokuwa nacho. Mgonjwa ana namba yake, ana kadi anayoondoka nayo, na jalada linalobaki kwenye kabati lenye kufuli. Siri ya karatasi ikapata ulinzi hatimaye. Lakini mahali pengi kliniki hiyo ilipewa jengo lake peke yake, au mlango wake wa pembeni, na nje ya mlango likawekwa benchi. Anayeketi pale hahitaji kufunguliwa jalada. Kila anayepita kuelekea maabara amekwisha kumwona.

Ndipo safari zilipoanza. Kulikuwa na dada mmoja wa mtaani kwetu aliyepanda basi la Nzega kila tarehe yake, zaidi ya kilomita 100, enzi hizo barabara ni vumbi, kwenda kuchukua dawa ambazo zilipatikana mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwake. Wakati huohuo, watu wa Nzega walikuja kuchukua dawa Tabora. Walipishana njiani, mabasi mawili yenye watu wanaokimbia mabenchi ya kwao. Nauli ikikosekana, dozi inakatika, na jina linaingia kwenye orodha ya watoro. Hapo mfuatiliaji anatumwa nyumbani kwa nia njema kabisa, amepanda pikipiki yenye nembo ya mradi, anaiegesha mlangoni na kuuliza kwa sauti kama hapa ndipo kwa fulani.

Sheria zilifuata. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima VVU hadharani akizindua kampeni ya taifa, na foleni za kupima zikarefuka kweli. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya UKIMWI ya 2008, ikiwataka watoa huduma watunze siri ya majibu na kuweka adhabu kwa anayeitoa. Kenya walifika hadi mahakamani. Februari 2015 rais wao aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule na wengine wanaoishi na VVU, pamoja na wazazi na walezi wao, ili wapangiwe huduma. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa agizo lile lilivunja haki ya faragha. Nilifurahi niliposikia. Orodha ile ilikusudiwa kusaidia, kama ile pikipiki.

Sasa tuko kwenye kompyuta. Vituo vingi vya serikali vinatumia mfumo wa GoT-HOMIS. Mgonjwa anaandikishwa mapokezi, anapata namba, na maelezo yake yanamfuata kwa daktari, maabara na famasi bila yeye kubeba chochote. Daftari la dukani linaelekea kutoweka. Wafanyakazi wanaingia kwa nywila zao, na mfumo unaweza kuonyesha nani alifungua taarifa za nani. Natamani shangazi angefanya kazi wakati huu. Aliteseka sana na makabati yaliyoliwa na mchwa.

Hata hivyo kuna mambo ambayo kompyuta imeyakuta na kuyaacha yalivyo, na mengine imeyaongeza. Nimeona skrini iliyogeuzwa kuelekea foleni, kisa waya wa umeme ni mfupi. Nimeona nywila ya mtu mmoja ikitumiwa na zamu nzima. Simu nayo imekuja na yake. Kituo kinatuma ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa tarehe, jambo zuri, lakini nyumba nyingi kwetu zina simu moja, na simu hiyo ni ya baba. Picha ya eksirei inapigwa kwa simu ya mkononi na kutumwa kwenye kundi ili daktari wa mbali atoe ushauri. Ushauri unapatikana, mgonjwa anapona, na picha yenye jina lake pembeni inabaki kwenye simu za watu asiowajua. Daktari nisingemlaumu. Kilichohitajika ni kufunika jina kwa kidole gumba kabla ya kupiga.

Bima nayo ni mlango mwingine. Mkoa wetu unaijua mapema, maana Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996. Ukitibiwa kwa bima unasaini fomu yenye ugonjwa wako, na fomu inasafiri kwa mlipaji. Lazima isafiri, asipojua analipia nini halipi. Ninachotaka ni mtu aambiwe kabla hajasaini kuwa inakwenda wapi. Wengi wanadhani wanasaini kuwa wamepokea dawa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume yake. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kuzichakata kunataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo, na matibabu yenyewe yamo. Mgonjwa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kuomba kirekebishwe kikiwa na makosa. Haki hii ya kujua ndiyo inayonigusa. Baada ya miaka mingi ya daftari kuwa lake lakini liko wazi kwa kila mtu, kisha jalada kuwa la hospitali na yeye mwenyewe haruhusiwi kuligusa, sasa anaweza kuomba aonyeshwe. Bado sijamwona mtu wa Ng'ambo aliyeomba. Ningependa vituo vibandike haki hiyo ukutani, kwa Kiswahili chepesi, pale walipobandika bei.

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi kwenye kituo kimoja cha mjini. Yeye sasa ndiye mgonjwa, na magoti yamechoka. Dirisha la mapokezi lilikuwa la kioo chenye tundu dogo, hivyo kijana wa ndani na mtu wa nje wote walilazimika kupaza sauti. Nyuma yetu foleni ilifika hadi kwenye miembe. Kijana akaandika jina, umri na mtaa, kisha akauliza kwa nguvu: "Bibi, unasumbuliwa na nini?"

"Nitamwambia daktari," shangazi akasema.

Kijana akaeleza, kwa heshima, kuwa anahitaji kujua ampeleke chumba gani. Shangazi akamwambia aandike wagonjwa wa nje, wa ndani watajua la kufanya. Mtu mmoja nyuma akaguna. Kijana akamtazama, akaandika, akamrudishia kitambulisho chake. Aliyefuata alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Akaulizwa swali lilelile, akageuka kuitazama foleni, kisha akainama karibu na tundu la kioo na kusema naye atamwambia daktari. Kijana akawaelekeza wote wawili chumba namba 3.