Ndege wa Mida Kusi Inapoanza

Kaskazi ikishakatika na kusi ikaanza kuvuma, wazee wetu walikuwa wakishuka bandarini kuagana na majahazi ya Arabuni. Majahazi hayo hayaji tena kama zamani. Lakini wako wasafiri wengine walioishika ada ile ile, nao huondoka mwezi huu wa Aprili pasi na kuagwa na mtu: ndege wa ufukweni.

Tulikwenda kuwatazama kwenye hori ya Mida, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kabla hujafika Gede. Tulichagua siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, na sababu yake ni hii: siku za bamvu maji ya pwani yetu hujaa wakati wa Alasiri. Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika mbali matopeni, huoni ila vidoa. Yanapojaa huwasukuma kidogo kidogo hadi ukingoni, na mwenye subira huletewa alichokijia. Basi mtu huswali Adhuhuri, akatembea, akatazama, akaswali Alasiri na kurudi kwake.

Upepo ulikuwa mkali. Kina mama watakaokwenda wachukue pini za ziada, kwani kusi haina adabu na buibui.

Macho yetu yalivutwa kwanza na ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya samawati iliyofifia, na mdomo mnene mweusi kama wa kuvunjia kokwa. Chakula chake ni kaa. Kila mwaka huja kwa makundi Mida, kisha hurudi kuzaa kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia. Huko huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Mtoto akitoka hulishwa mle mle shimoni. Lililotushangaza zaidi ni kwamba hata baada ya safari ya kuja Afrika, mtoto huyo huendelea kumfuata mzazi wake akilia kuomba kaa. Mama mmoja katika msafara wetu alicheka aliposikia hayo, akasema anao wawili wa namna hiyo nyumbani, na mmoja ameshaota ndevu.

Karibu nao walikuwa wadogo zaidi, wenye midomo iliyopinda kidogo chini. Mwezi Januari hawa huwa wa kijivu. Sasa vifua vyao vilikuwa vimegeuka rangi ya matofali, kwani wanajiandaa kwa ndoa. Ndege huyu ana uzito wa gramu 60 hivi, na anakokwenda kuzaa ni kaskazini kabisa ya Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Masurufu yake ni mafuta anayoyaweka chini ya ngozi kwa kula minyoo na wadudu wa topeni majuma haya machache.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lililotukera. Familia moja ilikuja ufukweni, na vijana wao wakawakimbilia ndege kwa kelele ili kundi zima liruke wapate kupiga picha. Liliruka kweli, likazunguka juu ya maji, likatua. Wakalikimbilia tena. Na tena. Tuliwaendea kwa upole. Mama yao akatuuliza, “Sheikh, kwani ni dhambi mtoto kucheza na ndege?”

Hatukumpa fatwa. Tulimweleza kwamba kila mruko wa bure unateketeza mafuta ya safari, na aliyepungukiwa huenda asifike. Kisha tukamkumbusha habari iliyopokewa katika Sunan ya Abu Dawud, ya Maswahaba waliowachukua makinda wawili safarini, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishiwe. Yule mama alinyamaza kidogo, akawaita wanawe kwa sauti ambayo sisi wenyewe tungeitii. Waliketi nasi mchangani, tukapokezana darubini moja, na mdogo wao ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kuirudisha.

Anayeogopa tope aweza kupita juu ya daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mapato yake huingia katika mpango wa A Rocha Kenya wa kuwasaidia wanafunzi wa sekondari wa maeneo hayo karo za shule. Kwa maoni yetu hiyo ni njia bora ya kutumia fedha za matembezi kuliko nyingi tunazoziona pwani.

Jua lilipoanza kuzama, kundi moja lilipaa juu sana likiitana, wala halikuzunguka kurudi. Wengine walibaki wakila. Wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa hukaa nasi kusi nzima, wakiwa na kijivu chao kile kile, na atakayekwenda Mida mwezi Juni atawakuta. Wakubwa huanza kurudi mwezi Agosti.