Ukuta Hauzuii Kikohozi

Miaka yangu ya utabibu magerezani ilinifundisha kutouamini ukuta. Sisi wa Mkuyuni ni majirani wa Gereza Kuu la Butimba, na wengi huku uraiani hudhani kwamba maradhi ya wafungwa yamefungwa pamoja nao. Mizunguko ya siku moja tu inatosha kukanusha dhana hiyo: askari humaliza zamu akarudi kwa wanawe, mahabusu hupelekwa mahakamani akarudishwa, na aliyemaliza kifungo hupanda daladala kwenda kwao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kifua kikuu huwapata wafungwa takriban mara 10 zaidi ya watu wengine. Sababu yake haina fumbo. Vimelea vyake huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa, na katika bweni lililojaa, lenye dirisha finyu, watu huvuta hewa ileile hadi alfajiri.

Kwa hiyo kinga huanzia langoni: kila anayeingia aulizwe kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na mwenye dalili apimwe makohozi kabla ya kupangiwa bweni. Watu wa ulinzi husema dirisha pana ni njia ya kutoroka, lakini nondo humzuia mtu bila kuuzuia upepo. Wengine huuliza kwa nini mhalifu atangulizwe ilhali raia mwema anapanga foleni hospitalini. Swali hilo lina uzito, ila linasahau kwamba mahabusu bado hajahukumiwa, na aliyehukumiwa amenyimwa uhuru, hakuhukumiwa kuambukizwa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kilekile cha uraiani, na tiba yake isikatike anapotoka.

Hapo ndipo penye gharama halisi. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Anayeachiwa katikati bila rufaa ya kwenda zahanati ya kwao anaweza kurudi na vimelea sugu, ambavyo tiba yake ni ghali zaidi. Hata hivyo, vipimo na vidonge havilipanui bweni. Dhamana kwa anayestahili, na adhabu za nje chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, hupunguza msongamano. Ndiyo maana nimestaafu nikiitetea dhamana kama nilivyotetea dawa.