Kabla baridi ya Mbinga haijabisha hodi

Wiki ya mwisho ya mwezi Mei, katika kijiji kimoja cha milimani wilayani Mbinga, mama mmoja wa miaka 24 alitoa nguo zote kwenye sanduku na kuzimwaga kitandani. Alikuwa anahesabu. Blanketi mbili, moja nzito na moja iliyokwisha manyoya. Sweta moja la mumewe. Khanga 5. Soksi za mtoto jozi 2, na kofia moja ya uzi aliyoinunua mnadani kwa muuza mitumba. Mtoto mwenyewe, wa miezi 3, alikuwa amelala pembeni, hajui kinachohesabiwa wala kwa nini.

Mchana huo redio ilikuwa imetaja kipupwe. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu huo, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mikoa ya nyanda za juu kusini haikosi kutajwa. Neno lililomshtua mama huyu ni sakitu. Akamuuliza mumewe jioni, “Hivi na huku kwetu inafika?” Mumewe akacheka, akamwambia sakitu nyingi ni ya Makete, Njombe na kule Kitulo, ambako asubuhi unakuta majani yamepauka kwa barafu. “Huku baridi tu,” alisema.

Baridi tu. Kwa mtu aliyezaliwa Umatengo hayo ni maneno mepesi. Mama huyu alizaliwa na kukulia kando ya Ziwa Nyasa, jirani na Mbamba Bay, mahali ambapo watoto huoga ziwani jioni na watu hulala dirisha wazi. Kabla ya kuolewa hakuwahi kumiliki sweta.

Kutoka kwao hadi alikoolewa si mbali. Ni barabara moja inayopanda na kupinda. Lakini maji ya ziwa yako kwenye mita zipatazo 470 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya kahawa ya Umatengo yako juu ya mita 1,300. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6. Kwa hiyo jioni hiyohiyo moja, mama yake mzazi anaweza kuwa amekaa mchangani anaanua dagaa kwa khanga moja, na yeye huku juu anatafuta ya tatu.

Ifikapo Juni mambo huongezeka. Jua la adhuhuri linakuwa limehamia mbali kaskazini, na pepo za kusini mashariki zinavuma kutoka upande ambako wenzetu wa Afrika Kusini wako kwenye majira yao ya baridi. Ziwani upepo huo, ambao wengi wanauita mwera, huchafua maji na kuwaweka wavuvi nchi kavu. Milimani huleta ukungu. Na siku mbingu zinapokuwa safi usiku, bila wingu hata moja, ndipo baridi huuma zaidi, kwa sababu joto la mchana lote hupotea juu na hakuna cha kulizuia. Hewa baridi ni nzito, hivyo hutelemka na kujikusanya mabondeni. Watu wa huko wanajua nyumba zilizojengwa bondeni zinavyoamka.

Lakini hofu ya mama huyu haikuwa blanketi. Ilikuwa jiko.

Mwaka uliopita, mwezi Julai, alikuwa mgeni kwenye nyumba hiyo, na mimba yake ilikuwa changa. Mama mkwe wake, mwanamke mpole anayempenda, alimwonea huruma jinsi alivyokuwa akitetemeka. Usiku mmoja alimletea jiko la mkaa chumbani, makaa yamewaka mekundu, hayatoi moshi hata kidogo. Akafunga mlango vizuri. Akachukua kitambaa akaziba nafasi iliyokuwa chini ya mlango, mkwe wake asipigwe na upepo. Mumewe usiku huo alikuwa safarini Songea.

Alilala usingizi mzito ambao hajawahi kuupata. Alfajiri aliamka kichwa kinapasuka, anatapika, miguu haina nguvu. Alitambaa hadi mlangoni, akaufungua, akaanguka kizingitini. Walipomkuta, kila mtu alisema ni mimba. Yeye mwenyewe alisema ni mimba. Baada ya kukaa nje kidogo alipata nafuu, na jambo likaisha.

Miezi ilipita. Siku moja kliniki, muuguzi alikuwa akiwafundisha akina mama jinsi ya kutunza vichanga wakati wa baridi. Akafika kwenye jiko la mkaa. Akaeleza kwamba mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyeivuta huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea na kusinzia, na akiendelea kulala humo anaweza asiamke. Watoto wachanga huathirika upesi kwa sababu wanapumua haraka kuliko watu wazima. Na mtoto aliye tumboni naye yuko hatarini, kwa kuwa oksijeni yake ni ile inayopita kwenye damu ya mama yake.

Mama huyu alishika tumbo lake. Baada ya somo alimfuata muuguzi, akamsimulia ule usiku. Muuguzi alimsikiliza, akamwambia hakuna anayeweza kujua sasa kama ilikuwa ni mimba au ni mkaa. “Ila mshukuru Mungu ulifungua mlango,” alisema.

Sasa mtoto yupo, kipupwe kinakuja, na jiko liko jikoni, palepale. Mama mkwe alikuwa ameanza kusema, “Mjukuu wangu hataona baridi, nitamwekea moto.” Alishanunua gunia la mkaa kwa ajili hiyo, kwa fedha yake mwenyewe.

Utamwambiaje mama mkwe kwamba huruma yake ingeweza kukuua? Mwanamke aliyelea watoto 6 katika baridi hiyohiyo, wote wakakua. Kwa wengi wetu hapo ndipo ushauri wa kliniki unapokwama. Tunausikia, tunauelewa, tunafika nao nyumbani, halafu tunaushusha mlangoni kwa sababu ndani kuna mkubwa.

Alimpigia mama yake mzazi. Mama yake hakufikiri mara mbili. “Mlete mtoto huku chini mpaka Agosti. Huku hakuna hayo mambo.” Ni kweli ziwani kuna joto. Lakini kahawa ilikuwa inaanza kuiva, na kahawa haimsubiri mtu. Maharage ya kwenye ngolo nayo yalikuwa yanakaribia kung'olewa. Katika kazi ya ngolo, kwa desturi ya Wamatengo, mwanaume hufyeka na kupanga majani, na mwanamke hufukia na kuchimba mashimo. Mikono yote ya nyumba ina kazi yake. Tena ziwani kuna mbu, na malaria haina huruma kwa kichanga. Kumkimbiza mtoto kungekwepa msimu mmoja. Mwakani baridi ingerudi, na jiko lingekuwa palepale.

Mumewe alisema, “Nitaongea naye mimi.” Siku 4 zikapita bila kuongea.

Ilikuwa jioni, wanawake hao wawili wakichambua maharage kwenye ungo barazani, ndipo yule mkwe alipopata njia. Hakuanza na muuguzi. Hakuanza na gesi.

“Mama, naomba niulize jambo.”

“Uliza, mwanangu.”

“Nyumba mliyolelea watoto ilikuwaje?”

Mama mkwe akacheka. Akaanza kuieleza. Ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi. Moto wa kuni ulikuwa katikati, na moshi ulijitafutia njia wenyewe kwenye nyasi hadi ukatoka. Kuta zilikuwa na nyufa, ukiamka usiku unaona mbalamwezi bila kufungua mlango. “Upepo ulikuwa unaingia na kutoka kama mwenye nyumba,” alisema.

“Na hii, mama?”

Mama mkwe akageuka akaitazama nyumba. Matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji, dari, madirisha ya vioo. Nyumba iliyojengwa kwa fedha ya kahawa, ambayo anajivunia mbele ya kila mgeni. Alinyamaza muda mrefu.

“Hii haina pa kutokea moshi,” alisema.

“Na mkaa, mama, moshi wake hauonekani.”

Hapo ndipo alipomsimulia mambo ya kliniki, na mwisho kabisa, kwa sauti ndogo, ule usiku wa Julai. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba radhi. Hakuyahitaji. Mama mkwe aliweka ungo chini, akamshika mkono.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Sikujua, mama. Na nilipojua, niliogopa.”

Bibi yule hakuwa amekosea alipolea watoto wake 6 kando ya moto. Moto wake ulikuwa na nyumba yake. Nyumba imebadilika, na moto ukahamishwa kama ulivyo. Familia nyingi za nyanda za juu, kuanzia Mbinga hadi Njombe na Mbeya, ziko kwenye hali hiyo. Tumeziba nyufa, tumeweka dari, tumefunga vioo, kisha tunaingiza jiko lilelile ndani.

Tangu siku hiyo maandalizi yakawa ya watu wawili. Mama mkwe ndiye aliyekuja na wazo la chupa: chupa imara ya maji ya moto, ifungwe vizuri na kuviringishwa kwenye kitenge, iwekwe kitandani kwa muda, kisha itolewe kabla mtoto hajalazwa asije akaungua. Jiko linawashwa nje, barazani, na halivuki kizingiti hata likiwa na majivu tu, kwa kuwa makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu. Moto wa kuni unabaki kwenye jiko la nje, na mtoto hakai kwenye moshi, kwa sababu moshi nao huumiza mapafu.

Mtoto anavalishwa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya moja nzito, na zilizolowa zinabadilishwa mara moja. Kofia ni ya wakati wa kutoka nje alfajiri na jioni. Akilala hafunikwi uso. Anapotetemeka au mikono yake ikiwa baridi sana, mama yake anamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wanafunikwa wote wawili. Kumwogesha kumehamishiwa saa 7 mchana, jua likiwa limepasha joto ua. Na ziwa la mama haliachwi hata usiku, maana mtoto anayenyonya vizuri anapata nguvu ya kujipasha joto mwenyewe.

Chanjo ya nimonia, ambayo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ilikuwa imebaki dozi moja, iliyoangukia mwanzoni mwa Juni. Jirani mmoja alishauri waiache kwanza mpaka baridi ipite. Mama mkwe ndiye aliyekataa. “Unaacha mwavuli nyumbani kwa sababu kuna wingu?” aliuliza. Wakapanga wangetoka saa 4 asubuhi, ukungu ukiwa umeondoka.

Muuguzi alikuwa amewaambia pia dalili za kutongojea kukuche. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa aliye chini ya miezi 2 kiwango ni mara 60. Baba wa mtoto akajifunza kuhesabu pumzi kwa saa ya simu yake. Alifanya majaribio mtoto akiwa mzima, akapata 38, akarudia, akapata 40. Mkewe alimcheka, lakini alifurahi.

Mwisho wa wiki hiyo jioni zilianza kuwa kavu na mbingu safi. Ukungu wa kwanza ulilala bondeni, haujapanda bado. Mama yake mzazi alipiga simu kutoka ziwani, nyuma yake mawimbi yakisikika.

“Bado hujaja?”

“Nabaki, mama. Utuletee dagaa.”

“Na lile jiko?”

“Liko nje.”

Jumapili, walipokuwa wanarudi nyumbani, mama mkwe alichepuka njia akaingia kwa jirani aliyehamia nyumba mpya mwezi Machi na ambaye binti yake amejifungua karibuni. Walimsubiri barabarani, mtoto akiwa mgongoni, amelala. Walisikia salamu, vicheko, pongezi za bati jipya. Kisha wakasikia sauti ya bibi, imeshuka kidogo.

“Dirisha la chumba cha mzazi linafunguka? Hebu nionyeshe.”