Jodari wa Kwetu, Bili ya London

Nimeambiwa nile kwa mkono, hadharani, katikati ya London, na aliyeniambia ni mpishi mwenyewe. Shoga yangu wa Mombasa, mtu wa kupenda mambo, ametimiza miaka hamsini. Akatukusanya wanawake wa pwani kwenye mkahawa wa Kijapani, ule wa kukaa kwenye kaunta mkitazamana na mpishi na kisu chake. Tulikwenda tumejiandaa kwa vijiti. Mmoja wetu alikuwa amefanya mazoezi nyumbani kwa penseli za mwanawe. Mpishi akatutazama tunavyohangaika, akasema kwa upole: tumieni vidole, ndivyo vitonge hivi vinavyoliwa.

Wenyewe wanaviita nigiri: kitonge cha wali uliotiwa siki, juu yake kipande cha samaki mbichi. Vilivuma mjini Edo, Tokyo ya leo, miaka ya 1820, na sifa kubwa hupewa muuzaji mmoja, Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha vibandani, cha watu wenye haraka zao, na kitonge chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko cha sasa. Yaani waasisi wa mlo huu unaomeza ujira wetu wa siku nzima walikuwa wenzake muuza pweza wa Forodhani, Zanzibar.

Na adabu zake sasa! Unakishika kwa ncha za vidole, unakigeuza samaki awe chini, ndipo unakigusisha kwenye mchuzi wa soya. Ukichovya upande wa wali unamomonyoka, na umeshaumbuka. Kinaingia mdomoni chote kwa mara moja. Sisi tuliolelewa kwenye sinia tulifaulu bila kufundishwa. Mkono wa kulia, kiganja kikae kikavu, kula mbele yako usivamie upande wa mwenzio, punje isidondoke mkekani. Bibi yangu kule Tanga alikuwa akitazama vidole vyetu kuliko alivyotazama sahani yake. Ukilowa mchuzi hadi kwenye kifundo cha mkono, unaambiwa kesho utakula na kuku.

Elimu hiyo tumeifanyia nini huko nyumbani? Nenda kwenye ukumbi wowote wa harusi Dar es Salaam. Biriani limepakuliwa, meza kuu wanapigana nalo kwa uma na kisu, na paja la kuku linaruka mpaka kwenye kitenge cha mama mkwe. Anayenawa akala kwa raha zake anatazamwa kama kashuka kwenye basi la shamba jana. Mwaka jana, kwenye hoteli moja ya ufukweni, niliomba maji ya kunawa. Mhudumu akaniletea chupa ya maji ya kunywa, baridi, na risiti yake. Beseni na birika, vitu ambavyo kila nyumba ya pwani inavyo, hoteli iliyojengwa pwani haina. Wajapani hawakuviombea radhi vidole vyao. Wamevivusha bahari, na Wazungu wanalipia kuvitumia.

La samaki mbichi nalo ni suala. Bibi angeuliza kama gesi imekwisha. Lakini nikala, na nikiri alikuwa mtamu, laini, hana hata shombo. Nikamuuliza mpishi ni samaki gani. Jodari, akasema, yule mwenye mapezi ya njano, katoka Bahari ya Hindi.

Hapo sherehe ikaniharibikia. Bahari ya Hindi ya nani?

Mnaikumbuka meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa kwenye maji yetu ya Tanzania Machi 2009 ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Wakagawiwa kwenye taasisi za umma, na mtaani wakaitwa samaki wa Magufuli, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi wakati huo. Tulicheka, tukala, tukasahau. Hiyo ni meli moja iliyonaswa. Ukanda wetu wa uchumi baharini unafika maili 200, na ngalawa haifiki huko. Wanaofika ni wenye meli kubwa kutoka mbali, wenye leseni na wasio nayo, na samaki wao wanaondoka bila kuliona soko la Feri, Dar es Salaam. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa 2023, miaka zaidi ya sitini baada ya uhuru. Wenzetu Wajapani wanajua thamani yake: Januari 2019, katika soko la Toyosu, Tokyo, jodari mmoja wa kilo 278 alipigwa mnada kwa yen milioni 333.6, zaidi ya dola milioni 3. Najua, yule ni jamii nyingine, wa mapezi ya buluu, na mnada wa kwanza wa mwaka una mashindano ya kutafuta jina. Hata hivyo mvuvi wake alilala na pesa. Wetu analala na deni la mafuta ya boti.

London yenyewe sina maneno mengi ya kuipa. Meza tulipewa kwa saa moja na nusu, na dakika za mwisho zikakumbushwa kwa tabasamu. Mwenye siku yake hakumwagiwa maji kama tunavyofanya nyumbani, maana wangeita polisi. Bili ikaja na asilimia 12.5 ya huduma, eti ya hiari, na hiari yenyewe ni umtazame msichana wa watu usoni umwambie aifute. Kisha simu zikatoka, kila mtu akahesabu vitonge vyake mpaka senti, na yule aliyekunywa chai tupu akatangaza mapema kwamba kanywa chai tupu.

Shoga yangu ameyaona hayo yote. Keshasema hamsini na moja itakuwa Tanga, chini, kwenye mikeka, jodari wa kupaka na wali wa nazi, na atakayetaka uma aje nao kutoka kwao. Kamati imeundwa, mweka hazina ni mimi. Na nyinyi mlioko nyumbani, ambao kila harusi hunitumia kadi ya mchango huku mkijua fika ninaishi na kodi ya London, safari hii namba ya kutuma ni yangu.