Kitanda cha dirishani

Makao haya ya wazee yako juu ya kilima, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Ukisimama barazani asubuhi unaliona Ziwa Victoria kwa chini, kati ya migomba. Yanaendeshwa na masista. Mlangoni kuna daftari kubwa la wageni, na safu yake ya mwisho inauliza una uhusiano gani na mzee. Nilipekua kurasa za nyuma: jirani, parokia, kwaya, jirani. Walioandika "mtoto" ni wachache.

Kwetu Wahaya, kumpeleka mzee kwenye makao ni jambo zito. Mzee hutarajiwa kufia kwenye kibanja chake na kuzikwa humohumo, karibu na baba na babu yake. Baba alipopata kiharusi, mama alikuwa ameshatangulia, nasi watoto tulikuwa tumetawanyika, wengine Mwanza, wengine Dar es Salaam; akaletwa hapa. Watu wamesema mengi. Lakini nimeona anavyoogeshwa, anavyogeuzwa kitandani asipate vidonda, na siwezi kusema ametupwa. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye na kumsikiliza.

Wodi ya wanaume ina vitanda vya chuma, vyandarua vimefungwa fundo juu, na redio moja ambayo wote huisogelea saa ya taarifa ya habari. Harufu ya dawa ya sakafu imechanganyika na ya maharage yanayochemka jikoni. Baba yuko kitanda cha dirishani.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Wewe ni yupi?"

Namtajia jina. Baada ya muda mfupi anauliza tena. Hakumbuki kama amekula. Lakini njia ya kutoka Kyaka hadi Kampala anayo kichwani yote.

Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka Oktoba 30, 1978, yeye alikuwa mkulima wa kahawa aliyepata mafunzo ya mgambo. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa, na Amin alitangaza kwamba ardhi yote ya upande wa pili wa Mto Kagera ni ya Uganda. Wakimbizi walipita mbele ya nyumba yetu na mikeka kichwani. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita, baba aliacha kahawa haijaanikwa, akaenda. Mgambo kama yeye walikuwa maelfu kwa maelfu, na vitabu vya vita vikitaja makamanda, wao hutajwa kwa jumla tu.

Cha ajabu, haongei sana kuhusu risasi. Anaongea kuhusu miguu. Walitembea: Mutukula, kisha Masaka, iliyotekwa Februari 24, 1979, kisha Lukaya, ambako barabara inakatiza kwenye kinamasi na ambako mwezi Machi walikutana na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Amin. Buti zilizolowa hazikukauka. Aliyevua, miguu ilivimba asiweze kuvaa tena. Mizinga ya saba saba ilipoanza kunguruma nyuma yao, anasema, mtu alijikuta amelala chini kabla hajaamriwa. Kampala iliangushwa Aprili 11. Yeye alirudi kuikuta kahawa imeoza uani, akashika jembe.

Sista aliyekuja na vidonge alisimama akasikiliza, trei mkononi. Alisema hajawahi kumsikia mzee huyu akizungumza kwa kirefu namna hii. Nilimwomba amuulize habari za Lukaya siku ambazo mimi sipo. Akakubali, akavuta kiti.

Jioni baba alinishika mkono wa shati. Alitaka kujua kama barabara ya kurudi Mwanza bado inapita Muleba. Inapita. Basi nishuke niende Kaboya, kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita ile, nimtafute mwenzake aliyeangukia Lukaya. Akanitajia jina, akanitaka niliandike hapohapo na nimsomee. Nilipomaliza alisema niongeze na jina la baba yake, maana kijijini kwetu walioitwa hivyo walikwenda wawili, na mmoja alirudi.