Gari Lijalo la Tesla Lingepita Kitonga

Hapa Texas, yalipo makao makuu ya Tesla, ukiuliza gari lijalo la kampuni hiyo utatajiwa Cybercab. Ni gari la viti viwili, halina usukani wala pedeli, na lilipooneshwa Oktoba 2024 Elon Musk alisema bei yake itakuwa chini ya dola 30,000. Austin ilianza kuona teksi za Tesla za kujiendesha Juni 2025, ingawa hizo ni Model Y za kawaida. Mpango huu una mantiki yake. Mtu wa huku ana gereji nyumbani, gari analichaji usiku akiwa amelala, na asubuhi anatoka peke yake kwenda kazini.

Usiku ule ule wa Cybercab ilitolewa pia Robovan, ya kubeba hadi watu 20, au mizigo. Haikuzungumzwa sana. Mtu aliyekulia Mbagala au Buguruni, Dar es Salaam, akiitazama anaona daladala, na maswali yake ni mengine kabisa: hesabu ya tajiri itapatikana? Gari likisimama saa nzima linachaji, nani analipia saa hiyo?

Maswali hayo majirani zetu wameshayapatia majibu. Kigali, waendesha pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand hawasubiri kuchaji. Wanafika kituoni, wanabadilishiwa betri, wanaondoka. Nairobi, tangu 2022, kampuni ya BasiGo inamuuzia mwenye matatu basi la umeme, kisha betri na kuchaji anavilipia kwa kila kilomita anayotembea. Kwa jambo hili naona Afrika Mashariki imefikiri vizuri kuliko Texas, kwa sababu ilianza na dereva anayeishi chumba cha kupanga na kuchangia mita ya umeme na wapangaji wenzake. Dereva huyo hana pa kuchajia usiku, na hakuna aliyemtaka awe napo.

Lakini gari la Tesla ninalolitamani nyumbani kuliko yote ni lori lao, Semi. Lilioneshwa 2017, na malori ya kwanza yakakabidhiwa PepsiCo Desemba 2022. Kampuni inasema linakwenda maili 500, yaani kama kilomita 800, likiwa na mzigo kamili. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi kidogo ya hapo.

Katikati ya safari hiyo kuna mlima Kitonga. Malori yanayotoka Zambia na Kongo kwenda bandarini hushuka mlima ule yakiwa yameshiba mzigo, na kila dereva wa njia ile anajua breki zikipata moto kupita kiasi kinachofuata ni nini. Lori la umeme hushuka kwa namna nyingine: mota zenyewe hulishikilia, na wakati huohuo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye mteremko unaoua watu, breki zingepunguziwa mzigo, na lori lingepata nguvu ya kuendelea mbele.

Na mzigo wenyewe ni nini? Mara nyingi ni shaba, mara nyingine kobalti ya Kongo. Gari la umeme linakula shaba nyingi kuliko gari la petroli, na kobalti huingia katika aina nyingi za betri zake. Kwa hiyo malighafi ya magari yanayosifiwa huku kwa usafi wake inashuka Kitonga ikivutwa na dizeli, tena dizeli ya kununuliwa nje kwa dola. Hili linaniuma.

Kikwazo si uhaba wa umeme tena, kama zamani. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Kinachokosekana ni vituo vya kuchaji vyenye nguvu ya kutosha malori, pale madereva wanapopumzika tangu zamani: Chalinze, Mikumi, Iringa, Makambako. Na usukani wa kulia, jambo ambalo watengenezaji wa Marekani hulikumbuka mwisho.

Ndugu zangu mnaofanya kazi katika viwanda vya magari na betri huku ughaibuni, mkikaa kwenye kikao cha magari yajayo, itajeni barabara ya Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Cybercab inaweza kusubiri. Lori haliwezi.