Mwana wa Mfalme Aliyeanzisha Gazeti

Juma lililopita, baada ya chakula cha usiku, mwanangu wa darasa la nne alinijia na kitabu cha hadithi mkononi, akaniuliza: "Baba, mfalme akifukuzwa, watoto wake hufanya kazi gani?" Ngano zetu hazina jawabu. Humo mwana wa mfalme huoa, ngoma hupigwa siku saba, na hadithi ikaishia hapo. Basi nikamsimulia habari za Sho Jun.

Huyu alizaliwa mwaka 1873 katika visiwa vya Ryukyu, kusini mwa Japani, akiwa mtoto wa kiume wa nne wa Mfalme Sho Tai. Ufalme wao ulikuwa mdogo lakini wa kale. Uliunganishwa mwaka 1429, ukafanya biashara ya merikebu na Uchina, Siam na Malaka. Na tangu mwaka 1609 uliwekwa chini ya makabaila wa Satsuma, huku bado ukipeleka zawadi za utii kwa mfalme wa Uchina. Mwishoni mwa Machi 1879 serikali ya Japani ilipeleka polisi na askari hadi kasri la Shuri, ikaufuta ufalme, na nchi ikawa mkoa wa Okinawa. Mfalme alihamishiwa Tokyo, akapewa baadaye cheo cha kikabaila. Mtoto wake alikuwa hajatimiza hata miaka saba.

Mwanangu alianza kusikitika. Nikamwambia angoje kidogo. Katika visiwa vya Miyako na Yaeyama, kila mtu wa umri wa miaka 15 hadi 50 alitozwa kodi ya kichwa: wanaume walitoa nafaka, wanawake walifuma nguo. Kodi hiyo, iliyoanza mwaka 1637, haikufutwa na wafalme. Wala Japani haikuharakisha, kwani ilidumu mpaka mwaka 1903. Kwa hiyo mimi siwezi kukililia kile kiti cha enzi. Ninayemtazama ni mtu aliyebaki baada ya kiti kuondolewa.

Na mtu huyo hakukaa bure. Mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka 20, alishirikiana na wenzake kuanzisha Ryukyu Shimpo, gazeti la kwanza la Okinawa. Hapo ndipo ugumu wa maisha yake unapoonekana. Gazeti lile liliwahimiza wananchi waige mambo ya Japani. Mhariri wake maarufu, Ota Chofu, alifika hata kusema mwaka 1900 kwamba watu wa Okinawa wapige chafya kama wanavyopiga watu wa mikoa mingine! Lakini miaka michache kabla ya hapo, watu wale wale, Sho Jun akiwa miongoni mwao, walikusanya sahihi za watu wapatao 73,000 kuomba ugavana wa Okinawa uwe urithi wa ukoo wa Sho. Serikali ya Tokyo ilikataa. Kumbe mkono mmoja ulikuwa ukiaga ya kale, na wa pili umeyashika kwa nguvu. Sioni kwamba alikuwa mnafiki. Aliyenyang'anywa nyumba akiwa mtoto huenda asijue hata yeye mwenyewe analotaka kurudishiwa.

Alishiriki pia kuanzisha benki, akawa mbunge katika baraza la makabaila, akapanda bustani ya matunda huko Shuri. Lakini kinachonivutia zaidi ni jikoni. Alikuwa bingwa wa vyakula vya kasri la zamani, akaandika juu ya tofuyo, yaani jibini la soya lililokaushwa, kisha likalowekwa kwa muda mrefu katika pombe kali ya mchele pamoja na chachu nyekundu. Huliwa kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti.

Sho Jun alikufa mwaka 1945 katika vita vya Okinawa, vilivyoua watu zaidi ya 200,000, wakiwemo raia wengi. Kasri la Shuri liliteketea katika vita hivyo. Jumba lake kuu lilijengwa upya, likafunguliwa mwaka 1992, likaungua tena tarehe 31 Oktoba 2019. Gazeti lenye jina lile lingali linachapishwa.

Mwanangu alinyamaza kitambo, halafu akauliza kama jibini hilo linaliwa na ugali.